Fishi ya Mwisho ni ya Shefu

Shefu alikuwa na mikono safi. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kazi yetu ilikuwa ya vumbi: kulala chini ya meza za watu, kuvuta kable nyuma ya makabati, kupanda darini ukawasalimie panya. Mimi nikitoka huko nilifanana na mtu aliyetoka shimoni kuchimba dhahabu. Yeye alikuja kazi ikiwa imekwisha, kola nyeupe, koti la kahawia, leso mfukoni. Alijipangusa vidole kimoja kimoja kama padri anayejiandaa kugusa hostia, kisha akanyoosha mkono bila hata kunitazama.

"Leta."

Nami nikampa fishi, yaani kile kichwa cha kable. Akaichomeka kwenye mlango wake. Taa ya kijani ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Wakampigia nani? Yeye!

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana wengine mtasema huyu mama analilia kitu gani. Ofisi yetu iko hapa Bukavu, na chumba cha nyuma kimejaa mashine. Katikati yake kuna sanduku moja bapa lenye milango mingi mgongoni. Kila mlango unangoja kable yake. Kwenye mlango mmoja unaunganisha modem: mtu wa mbali anaipigia simu, inaitika, naye anaingia kwenye mashine kuu kama vile ameketi mbele yake. Kwenye mlango mwingine unaunganisha laini ya kukodi, ile isiyopigiwa simu, kwa sababu iko wazi usiku na mchana kwa mteja mmoja tu. Wateja wetu ni koperative za akiba, zahanati za masista, maduka ya dawa. Na msinicheke kwamba siku hizi kila mtu ana intaneti mfukoni. Mnara ukianguka kule Mwenga, njia kubwa ya intaneti ikikatika, ni modem ile ya kadi ya simu tunayoipigia, tunaingia kwa mlango wa nyuma na kuamsha mashine iliyolala, bila kupanda gari. Anayedharau modem hajawahi kusukuma jeep kwenye tope.

Sasa, kazi hii ina desturi yake kwetu. Siku ya kufungua laini, mteja anawakusanya watu wote, kuanzia mkubwa wa ofisi hadi sentinelle wa getini. Mtu anaomba sala. Kuna soda, zile tunazoziita sukre, na maandazi kama mteja ana moyo. Halafu fishi ya mwisho inachomekwa mbele ya macho ya wote, na aliyeichomeka anapewa chupa ya kwanza. Basi machoni pa watu, aliyechomeka ndiye aliyefanya kazi. Mwingine aliyekesha na kable, aliyechanika magoti, huyo ni mtu wa kubeba mizigo.

Miaka yote niliyofanya kazi chini ya Shefu nilitaka kitu kimoja. Sikutaka kiti chake wala koti lake. Nilitaka siku moja nichomeke mimi, watu wanipigie makofi mimi, na yeye awe amesimama pale anaangalia.

Msidhani sikuomba. Niliomba. "Shefu, leo uniachie."

"Weye uko na haraka ya nini? Fishi haina miguu, haitakimbia."

Ilikimbia kila mara, ikaenda mkononi mwake.

Sitawaambia alikuwa mtoto wa nani wala wa kijiji gani. Akitaka atawaambia mwenyewe, maana kusema anajua. Mdomo wake! Mimi niliipa milango ya sanduku namba, kwa mpangilio, kama mtu mwenye akili zake. Yeye alikataa namba. Aliita milango kwa majina ya watu waliokuwa upande wa pili. Kulikuwa na mlango wa Soeur, mlango wa Papa Dawa, mlango wa Mama Sambaza. Laini ikikatika asubuhi alisimama mbele ya sanduku mikono nyuma, akasema kwa huzuni, "Soeur amenyamaza." Kisha anapiga simu kwa masista wa zahanati ya Mumosho: "Soeur, tumekukosa huku. Uko muzima?" Sista anacheka, anasahau kwamba wagonjwa wake wamepanga foleni tangu alfajiri bila mashine kufanya kazi. Mimi wakati huo niko sakafuni natafuta kosa. Nikilipata na laini ikarudi, Soeur anapiga simu kushukuru. Anamtaka nani kwenye simu? Nadhani mnajua.

Alikuwa na misemo yake, na kila mtu ofisini aliirudia kana kwamba imetoka kwenye Biblia. "Usiamini taa, amini mutu wa ngambo." Maana yake, taa ya kijani inaweza kukudanganya, mpaka mtu wa upande wa pili athibitishe kwamba anaona maandishi kwenye kioo chake. Msemo mzuri, sikatai. Lakini mbona yeye alipokea makofi kwa ile taa tu, kabla mtu wa ng'ambo hajafungua mdomo?

Mwingine ulihusu laini ya kukodi. Kila mwisho wa laini kuna modem moja, na lazima moja iwekwe kuanza kusema na nyingine kusikiliza. Ukiziweka zote kusikiliza, zitangojana mpaka Yesu arudi. Shefu alipenda kuwaeleza hayo maharusi, maana alialikwa kila arusi ya mji huu. "Mu ndoa iko vile vile," aliwaambia, "mumoja aanze kusema." Siku moja tukiwa garini nilimuuliza: "Na kati yetu sisi wawili, Shefu, nani anaanza?"

Hakufikiri hata kidogo. "Miye nasema, weye unasikia."

Dereva alicheka mpaka nikataka kushuka.

Lakini kilichoniuma kuliko yote kilikuwa nyumbani kwetu, Cimpunda. Mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, alimpenda Shefu kuliko alivyonipenda mimi. Nasema ukweli. Nikiingia mlangoni Jumapili, kabla hajaniuliza kama nimekula, anauliza, "Shefu iko muzima?" Nilimnunulia friji, nikaibeba na vijana kutoka barabarani hadi juu, unajua vile vilima vya Cimpunda, njia zenyewe ni ngazi za udongo. Mama akaizunguka ile friji, akaipapasa, akasema, "Shefu alikusaidia kuchagua?"

"Hapana, Mama. Ni mimi nilichagua."

"Mm. Umwonyeshe basi, aone kama iko nzuri."

Na Shefu alipokuja kula kwetu, nyama ya paja ilikuwa yake, sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa vizuri walikuwa wake, na kiti chenye mto kilikuwa chake. Mimi nilikaa kwenye kindoo kilichopinduliwa. Alikula taratibu, akamsifu Mama kwa bugali, akamsifu kwa sombe, yale majani ya muhogo, akamsifu hata kwa maji ya kunawa. Kwangu hakuwa na sifa hata moja. Nilingoja, kwa sababu mtu akiwa mgeni kwa mama yako husema walau neno, 'binti yako anafanya kazi vizuri', hata kwa uongo. Hakusema. Mama alipomuuliza, "Na huyu mutoto wangu, anajua kazi?" alichukua sambaza mwingine na kujibu, "Anajifunza, Maman."

Anajifunza! Wakati huo nilikuwa nafunga laini zote za mji huu kwa mikono hii. Nikaenda kuosha sahani ambazo hazikuwa chafu.

Ukitaka kujua watu walivyompenda mpaka kupofuka, sikiliza habari ya zahanati ya Mumosho. Modem ina tabia moja mbaya: ikiachwa vile ilivyotoka kiwandani, inarudia kila neno inalosikia. Kwa hiyo kabla ya kuiunganisha na sanduku unaiamuru inyamaze. Shefu mwenyewe ndiye aliyetuimbia wimbo huo kila siku: "Anza kuinyamazisha, kisha uiunganishe." Haya. Ijumaa moja akaenda Mumosho peke yake, mimi nilikuwa Bagira kwa kazi nyingine. Alipofika, masista wakampa chai, akaanza hadithi zake, na katikati ya hadithi akachomeka modem kwenye sanduku la pale bila kuinyamazisha. Taa ikawaka, makofi, chupa ya kwanza, akarudi mjini akipunga mkono.

Kilichofuata huko nyuma? Sanduku liliuliza, "Jina lako?" Modem ikarudia, "Jina lako?" Sanduku likadhani hilo ndilo jina, likaomba neno la siri. Modem ikarudia hilo pia. Sanduku likasema umekosea, jina lako? Zikaendelea hivyo Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na Soeur hakuweza kuingia kwa sababu mlango umejaa maneno. Jumatatu nilikwenda huko mimi. Ni mimi niliyeelewa, ni mimi niliyeinyamazisha. Nikasema moyoni, haya, leo watajua nani ni nani.

Soeur akachukua simu yangu, akampigia Shefu: "Aksanti sana kwa kututumia mutu haraka vile!"

Na yeye, mnadhani aliona haya? Aliigeuza kuwa hadithi, akaisimulia mjini mwaka mzima, kila mara akisimama na kuigiza salamu ndefu za Bashi, watu wa huku. "Zile mashine mbili zilikuwa zinasalimiana sawa Bashi babili bamekutana mu njia ya soko! Moja inauliza: batoto biko muzima? Ingine: batoto biko muzima? Na bangombe? Na bangombe? Mupaka soko ikaisha!" Watu walijishika mbavu. Kosa lake lilimpatia marafiki wapya. Mimi nikikosea, ni kosa tu.

Na tena kuna siku ya Mama Sambaza. Hiyo siwezi kuisahau hata nikiombewa. Tulikuwa tunafungua laini ya koperative ya akiba ya wanawake wa sokoni, karibu kabisa na kwetu Cimpunda, majirani zangu wote wamo, Mama yangu amevaa kikwembe cha sherehe, ameketi mstari wa mbele. Nilikuwa nimefanya kila kitu. Nilikuwa hata nimenunua blauzi. Shefu akapangusa vidole, akachukua fishi, halafu akasimama. Akanitazama. Jamani! Nikasema, leo imefika, ananipa mbele ya Mama.

Akageuka upande wa pili, kwa mwenyekiti wa koperative, mama mnene anayeuza sambaza sokoni. "Maman, kuya. Ni weye utachomeka."

"Miye? Aka! Mikono yangu inanuka samaki!"

"Ile mashine haina pua. Kuya."

Akaenda, akaielekeza fishi juu chini, Shefu akamgeuzia, taa ikawaka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wa shule ya jirani wakatoka darasani. Mama yangu naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Nilimwonea wivu muuza sambaza, mimi mtu mzima, fundi. Kwa miezi kadhaa nilinunua sambaza kwa mwanamke mwingine, mbali zaidi na ghali zaidi, na yule Mama Sambaza hakujua kamwe amenikosea nini.

Nitakuwa mwongo nikisema hakuwa na wema. Alikuwa nao, na huo nao uliniudhi. Aliyenifundisha kutambua kable kwa kugusa, ile ya modem ambayo nyaya zake zinakwenda moja kwa moja na ile ambayo nyaya zake zimepishanishwa, ni yeye, na hakunificha kitu. Alihubiri usafi wa kable, zisukwe kama nywele za bibi arusi, na begi lake mwenyewe lilikuwa jaa: chembe za maandazi, rozari, betri zilizokufa, nusu ya ndizi. Aliwahi misa ya alfajiri kila siku, kisha saa mbili anamwambia mteja kwenye simu, "Tuko mu njia, tunafika," huku anavaa viatu. Na mkurugenzi mpya alipokuja, akasema mwanamke kupanda juu ya mapaa ya watu ni aibu kwa kampuni, afadhali nikae mapokezi, Shefu alisimama kwenye mkutano. "Ule mama akitoka mu kazi hii," akasema, "miye natoka naye." Mkurugenzi akanywea, neno likaishia hapo.

Nilitaka kumshukuru. Lakini nilipofika ukumbini tayari watu walikuwa wamemzunguka wanamshika mikono, "Shefu, umesema kama mwanaume!" Hata siku ya kutetewa mimi, aliyepongezwa ni yeye. Nikaenda zangu kufunga laini.

Mwisho alistaafu. Kiti nikapewa mimi, pamoja na ufunguo wa chumba cha mashine. Milango ya sanduku nikairudishia namba. Lakini wateja wakipiga simu bado wanasema, "Mwambie Shefu." Mimi ndiye shefu sasa, nawaambia. "Ndiyo, ndiyo," wanasema, "lakini umwambie."

Mvua zilizopita tukapata kazi Luhwindja, koperative ya wachimbaji wa dhahabu. Laini ya kukodi, na modem ya kadi ya simu pembeni kwa ajili ya siku mbaya. Kazi nzuri, nimeichora mwenyewe tangu mwanzo, na nikajua hii ndiyo siku yangu. Hakuna mwingine wa kuchomeka. Wiki ya kufungua, mwenyekiti wao akanipigia, mzee mmoja wa buti ndefu na sauti kubwa. "Maman, tumemwalika na Shefu. Bila Shefu hatuwezi fungua."

Nikafunga macho. Nikasema, "Hakuna shida, Papa." Shida ilikuwa imenijaa hadi puani.

Tukampitia nyumbani kwake. Alikuwa amekonda, koti lilelile limekuwa kubwa, lakini kola bado nyeupe. Dereva akamfungulia mlango wa mbele. Mimi nikakaa nyuma, modem magotini, barabara yote, kila shimo nikilihisi. Njiani alisimamishwa kila mahali watu walipomtambua. Alisalimia, akacheka, akauliza habari za watoto. Kwangu alisema mara moja tu, bila kugeuka: "Umeinyamazisha?"

"Nimeinyamazisha, Papa."

Chumba cha koperative kilijaa wachimbaji, matope mpaka magotini, kofia mikononi. Katekista akaomba sala ndefu. Laini nilikuwa nimeshaijaribu, modem ya huku inaanza kusema, ya Bukavu inasikiliza, kila kitu tayari. Fishi ya mwisho ilikuwa mkononi mwangu. Shefu akainuka kwenye kiti chake cha wageni. Akatoa leso. Akajipangusa vidole kimoja kimoja, na nikaona vidole vinatetemeka, haviachi kutetemeka hata anapovibana. Akanyoosha mkono.

"Leta."

"Hapana, Papa," nikasema. "Leo ni miye."

Mwenyekiti akakohoa. Mkono wa Shefu ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha, naye akanitazama. Nililijua jicho lile. Ni langu! Nimelibeba miaka yote, ila sikuwahi kutazamwa nalo, na sikujua kwamba linachoma hivyo. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi sana.

Nikageuka, nikachomeka. Nikakaza vis zote mbili, zile skrubu ndogo za fishi, moja kila upande, mpaka zikagoma. Taa ya kijani ikawaka. Simu yangu ikalia, ni Bukavu: wanaona maandishi. Nikawageukia watu nikiwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Hakuna aliyepiga makofi.

Walikuwa wanamtazama Shefu. Wachimbaji wote wale, mwenyekiti na chupa mkononi, katekista, wote wanangoja yeye aseme kama imeshika au haijashika. Nikasimama pale na fishi yangu iliyochomekwa, kama mtu aliyekwenda arusi isiyo yake. Shefu akaja polepole, akapita nyuma ya kabati la mashine, akainama karibu na mimi. Akaweka kidole kwenye vis. Niliona vizuri, nilikuwa kando yake: hakuzungusha kitu. Kidole hakikuwa na nguvu hiyo tena. Aliigusa tu. Kisha akanyooka, akainua mkono juu.

"Sasa ndiyo imeshika!"

Weeee! Makofi, miluzi, buti zinapiga sakafu, mwenyekiti anaita, "Shefu! Shefu!" na chupa ya kwanza inapitishwa juu ya vichwa vya watu. Nilitaka kulia, nilitaka kumvua lile koti. Na katikati ya kelele zile akanisogelea, mdomo karibu na sikio langu, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeweza kusikia.

"Ilikuwa imekazwa tayari," akasema. "Vis hata moja haikuwa ya kuguswa. Kazi yako ni nzuri kuliko yangu, tangu zamani."

"Sema kwa nguvu, Papa," nikamwambia. "Batu basikie."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kupokea sukre yake.